Droo ya Chini Bafuni

Wewe uliyeambiwa tumbo lako halina mtoto, kaa chini kwanza. Usimpigie mtu simu. Watu watakwambia maneno mengi na mengi yatakuwa ya kijinga. Mimi nimeambiwa yote, nimegombana na nusu ya walioyasema, na nusu nyingine siku tukikutana watanitambua. Nitakusimulia ilivyokuwa kwangu, na nitaanzia bafuni, kwa sababu mambo yangu yote yalipitia humo.

Naitwa Jovina. Ni msusi, nina kibanda cha salon Nyaishozi, pale barabarani. Kusuka sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nakaa viti vya nyuma kanisani, naangalia vichwa vya watu mpaka ibada inaisha, nikifika nyumbani najaribu kwa wadogo zangu huku wanalia. Mume wangu ni Projestus, wote tunamwita Proje. Analima kahawa na migomba Igurwa, kwenye kiwanja alichoachiwa na baba yake, ukuta kwa ukuta na kwa mama yake. Tulipojenga nilimwambia nimechoka kuoga kwenye uzio wa majani ya migomba, upepo ukipiga kila mpita njia anakuona. Nataka bafu ndani ya nyumba, lenye mlango na komeo. Akajenga. Nikamwambia sasa nataka na kabati la droo humo bafuni. Akanitazama sana, halafu akaenda kwa fundi.

Mama mkwe alipoliona alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Sasa mnaoga na kabati?"

Nikamwambia, mama, ni la kuweka vitu. Akauliza vitu gani, mtu anayeoga anahitaji maji, sabuni na dodoki, basi. Nikamfungulia nimwonyeshe. Droo ya juu ya Proje: mswaki, wembe, mafuta ya mgando, na kitana kilichobaki na meno machache kama mzee. Ya kati yangu mimi, na hiyo niliipanga nusu siku. Nilikata maboksi ya dawa ya meno nikatengeneza vyumba, mafuta ya nywele peke yake yasimwagikie pedi, vibanio peke yake, wanja, rangi ya kucha, losheni, rasta zimekunjwa kwa rangi zake. Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. Akasema nimewajengea vibanio nyumba kabla sijamjengea mbuzi wake banda. Ya chini ilikuwa ya vitu vya salon vya akiba, na ilikuwa inasumbua. Fundi alitupa mbao mbichi ya msindano. Mvua ikinyesha ile mbao inavimba, droo ya chini inakwama, hata uvute vipi. Kiangazi kikija inafunguka yenyewe kama haijawahi kukuudhi. Nilishaenda kumpigia fundi kelele mbele ya wateja wake, lakini droo ikabaki hivyo hivyo.

Mimba iliingia wakati wa senene, mwezi wa kumi na moja. Nikavitoa vitu vya salon vyote, nikaipangusa droo ya chini na maji ya ndimu, nikaiacha wazi ikauke, nikaanza kuijaza. Sabuni ya mtoto. Mafuta ya mtoto. Pamba. Kitaulo cheupe chenye bata kwenye pembe. Nilikinunua sokoni Omurushaka nikiwa nimeenda kununua rasta, nikasahau rasta.

Hapo ndipo nilipogombana na desturi. Huku kwetu kitu cha mtoto hakiingii ndani kabla ya sauti ya mtoto. Unasubiri alie kwanza, ndipo mtu atumwe dukani. Mama mkwe hakunisema, aliisukuma tu ile droo kwa mguu ikajifunga, akatoka. Wifi yangu Adella, dada mkubwa wa Proje, ndiye aliyesema. Alikuja kuoga kwetu siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani, akaifungua, akakiona kitaulo. Akaniuliza nina haraka ya nini. Nikamjibu kwamba haraka ninayo mimi, tumbo ni la kwangu.

Na tumbo lenyewe lilikuwa na haraka kuliko mimi. Krismasi ilikuta nguo hazinitoshi. Januari watu wakaanza kusema ni mapacha, wengine watatu, Proje akawa anatembea kijijini kama diwani. Mama mkwe akaniletea mumbwa, ule udongo wanaochanganya na majani ya dawa, mjamzito anausugua kwenye maji na kunywa. Alikuwa anausugua mwenyewe, ananishikia kikombe. Nilikuwa natapika mno. Harufu ya sabuni zote ilinishinda, nikawa naoga maji matupu.

Siku ile, Februari, nilikuwa bafuni. Nimejimwagia maji, nimeinama kuchukua dodoki, nikaona maji yanayokwenda kwenye tundu yamekuwa mekundu. Sikupiga kelele, na mimi ni mtu wa kelele. Nilikaa chini kwenye sementi, nikaifungua droo ya chini, sijui kwa nini, nikaishika ile pamba, nikaona siwezi kuitumia, ni ya mtoto. Proje alinikuta hivyo. Akaichukua yeye.

Hospitali ya wilaya tulisubiri kwenye benchi la wajawazito. Hilo nakwambia mapema, watakukalisha na wajawazito, kila mmoja na tumbo lake lenye mtu, wanaulizana miezi. Mmoja akaniuliza yangu mingapi. Nikamwambia. Akaniangalia tumbo, akageukia upande wa pili.

Daktari wa utrasaundi alikuwa dada mdogo tu, mpole. Alipitisha kile kifaa, akapitisha tena, akaenda kumwita mwenzake. Wakaangalia wote wawili. Halafu akanifuta yale mafuta tumboni kwa mkono wake mwenyewe, na nikajua, maana mtu hakufuti hivyo kama ana habari njema.

"Mama, hapa hakuna mtoto."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia mashine yao mbovu, nikamwambia na yeye amesoma wapi, Proje akanishika bega. Yule dada hakukasirika. Alisema inaitwa mimba zabibu, kwamba kilichoota si mtoto, kitasafishwa, halafu nitapimwa damu mara kwa mara kuona kama kimeisha. Mimi zabibu nilikuwa nimeziona kwenye picha za kanisani tu. Mpaka leo sijawahi kuzila, na sitazila.

Wakasafisha. Tukarudi nyumbani.

Sasa sikiliza hili, maana hakuna atakayekuandaa. Mwanamke wa kwetu mimba ikiharibika, wenzake wanakuja. Wanakupikia uji, wanakukanda, wanakaa kimya na wewe. Kwangu hakuja mtu. Si kwa ubaya. Hawakujua wanakuja kwa ajili ya nini. Wangesema pole kwa nani? Hakuna aliyekufa, maana hakukuwa na mtu. Proje kesho yake alishika panga akaenda shambani, jioni akajifungia bafuni akafungulia maji, na maji yalimwagika muda mrefu sana kwa mtu anayeoga. Sikumgongea.

Wifi Adella ndiye aliyekuja. Alikaa kwenye kochi, akakunja kanga, akasema mbele yangu kwamba watu wanalijua lililonipata. Kabati. Nilimwandalia mtoto kabla hajalia, na kabati likamla. Litolewe nje lichomwe. Na Proje naye awaze maisha yake, umri unakwenda, wenzake wanaitwa baba.

Nilisimama. Tumbo lilikuwa linauma bado, nikasimama hivyo hivyo.

"Ukiligusa hilo kabati, wifi, utatoka humu umevaa droo kichwani."

Proje alikuwa anakula. Akaweka tonge chini, akanawa, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Dada, kabati ni langu na mke ni wangu. Nenda nyumbani." Adella akaenda, na akakaa muda mrefu bila kukanyaga kwetu. Mimi kwa ajili ya sentensi hiyo moja nitamlinda Proje mpaka nizikwe. Mtu akimsema vibaya sokoni naacha kichwa cha mteja katikati nakwenda kumjibu.

Lakini jioni ile niliingia bafuni, nikalitazama kabati, na nikaogopa. Nakwambia ukweli wangu. Niliwaza, labda. Kwa hiyo nakuambia wewe uliyenunua soksi, uliyeshona shuka, uliyemtajia mtu jina: si soksi, si shuka, si jina. Nilimuuliza yule dada wa utrasaundi nilipokwenda kupimwa. Hakunicheka. Alisema wanawake wasionunua chochote nao hupata.

Masika yote nilikuwa nakwenda kupimwa damu. Namba za mabaki ya zabibu kwenye damu zilishuka, zikashuka, tukaanza kupumua. Kahawa ikaiva. Wakati wa kuchuma hakuna mtu anayekaa, na mimi nilijiona mzima, nikamwambia Proje wiki hii naruka, kipimo hakikimbii. Alikuwa anatandaza kahawa kwenye mkeka. Akaiacha juani haijasambazwa, akawasha pikipiki. Alikaa tu juu ya pikipiki inaunguruma mpaka nikapanda. Namba ilikuwa imepanda. Usiruke kipimo. Hata ujisikie unaweza kubeba ng'ombe, nenda.

Wakasema mabaki yamegeuka saratani, wakaniandikia Mwanza, hospitali ya rufaa.

Nilifungua droo yangu ya kati kufungasha, nikasimama tu. Rangi ya kucha ya nini? Vibanio vya nini? Nikachukua mswaki, pedi, kanga mbili. Proje akaifungua ya chini, akachukua sabuni ya mtoto akaitia kwenye begi. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Hii haina harufu kali. Zile nyingine unazitapika." Nilitaka kumrushia begi. Halafu nikaiacha.

Mwanza tulipata chumba kwa binamu yake, mlimani, kwenye mawe. Naingia wodini, natundikiwa dawa, natoka, nasubiri damu irudi, naingia tena. Ukumbi wa kusubiri ule ninaujua kama mkono wangu. Ukifika umechelewa unakaa karibu na mlango wa choo, na kwa dawa zile pua inakuwa ya mbwa, unasikia kila kitu. Tulikuwa wanawake wa kila rika, tumefunga vitambaa, hakuna aliyeulizana miezi. Kulikuwa na mama mmoja wa Geita, mkubwa kwangu sana, alikuwa anaita ile dripu "mchumba". Jina lake likiitwa anasimama, anarekebisha kanga, anasema wacha nikamwone mchumba, kanipenda mpaka nywele kaziomba. Tulicheka ukumbi mzima, hata nesi. Dawa yangu ya tatu nilimkuta. Ya nne sikumkuta. Sikuuliza. Kiti chake nilikikalia mimi ili asikikalie mtu mwingine.

Dawa ya pili iliniweka vidonda mdomoni. Mswaki wangu ulikuwa mgumu, kila nikipiga mswaki natema damu. Proje akatafuta laini, akapata wa mtoto, mdogo, una sungura kwenye mpini. Midomo ikakauka ikapasuka, nikapaka mafuta ya mtoto. Ngozi ikawa haitaki sabuni yoyote isipokuwa ile. Unaona? Vitu vyote nilivyomnunulia, nilivitumia mimi. Nilikuwa naoga kwa sabuni yake, najipaka mafuta yake, napiga mswaki kwa mswaki ambao ungekuwa wake. Nilikuwa namwomba radhi kimoyomoyo kila nikifungua. Ila pia vilinisaidia, sitadanganya. Siku zingine nilihisi kama ameniachia.

Nywele zilianza kutoka nikiwa nimerudi Igurwa kupumzika kati ya dawa na dawa. Mimi msusi. Niliamka na rasta mbili zimelala kwenye mto peke yake, nzima, na mizizi yake. Nikaenda bafuni nikavuta nyingine ikaja, haikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Nikazikusanya zote kwenye droo yangu ya kati, kwenye vile vyumba vya maboksi, sijui nilidhani nitazirudishia wapi. Kibanda nilishamwachia msichana wangu, na wateja wengine walishaanza kusema kimtindo kwamba hawawezi kushikwa kichwa na mgonjwa.

Mama mkwe aliniona asubuhi nimekaa kibarazani, kichwa kina mabaka kama shamba lililoliwa na nguruwe. Aliingia ndani. Nikamsikia anafungua droo ya juu, ile ya Proje, anatafuta wembe. Ikumbukwe kwamba daktari alituambia nisishike mimba mpaka waniruhusu, kwa hiyo kwenye droo ile kulikuwa na vitu vya Proje ambavyo mama mzazi hapaswi kuviona. Baadaye nilivikuta vimefunikwa kwa kitambaa vizuri kabisa, kama chakula.

Akatoka na wembe na beseni. Akaninyoa taratibu mpaka kichwa kikawa laini. Halafu akavua kilemba chake, akakaa kwenye kigoda mbele yangu, akanipa mgongo na wembe.

"Na mimi."

Sasa elewa. Huku kwetu mwanamke hanyoi kichwa hivi hivi. Tunanyoa msibani, wafiwa wote, ndiyo alama. Nikamwambia mama, usifanye hivyo kwa ajili ya kunifurahisha, watu watasemaje. Nywele zake zilikuwa nyeupe, laini, hakuwahi kuniruhusu hata kuzichana.

"Baba yake Proje nilimnyolea," akasema. "Mama yangu nilimnyolea. Huyu mjukuu wangu hakuna aliyemnyolea."

"Mama, walisema hakukuwa na mtu."

"Wewe ulimbeba. Mimi nilimsugulia mumbwa. Sasa ambaye hakuwepo ni nani?"

Nikamnyoa. Nilimkata kidogo nyuma ya sikio, akainamisha kichwa niendelee.

Tulipomaliza tukaenda kugeuza kahawa kwenye mikeka, vichwa viwili vipara vinang'aa juani. Akapita Mzee Sadoti, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, jembe begani. Akatuona. Akasimama. Akalishusha jembe taratibu, akavua kofia, akageuka akarudi alikotoka. Nikamwambia mama, yule ameona nini? Mama akasema, ameona alichoona.

Huku ukitokea msiba hakuna anayeshika jembe. Jua halijapanda sana wakaanza kuja. Wanaume na kuni begani, wanawake na mikungu ya ndizi kichwani, mwingine kabeba maharage kwenye kanga, mwingine maji. Wanaingia uani kwa utaratibu ule wa msibani, sauti chini, wanaweka vitu, wanakaa. Kila mmoja ananiangalia mimi halafu anaangalia chini. Nikaja kuelewa wanadhani ni Proje. Alikuwa ameondoka tangu alfajiri na pikipiki, na ajali za barabara ya Kyerwa wanazijua. Nikafungua mdomo niseme, na hapo hapo pikipiki ikaingia, Proje mwenyewe, uso mwekundu kwa vumbi, anawakuta watu wamekaa kwenye ua wake. Mke wa Sadoti aliachia mkungu wa ndizi ukamwangukia mguuni. Proje akauliza aliyekufa ni nani. Mzee mmoja akamjibu, "Tulijua ni wewe, waitu, mwenzetu."

Watu wakaanza kusimama, wamechanganyikiwa, wengine wanacheka kwa pembeni, wengine wananuna, wanashika mikungu yao waondoke. Mama mkwe akatoka jikoni na kile kichwa chake.

"Kaeni," akasema. "Msiba upo. Umechelewa tu."

Akawaambia. Aliongea Kinyambo, na sitaweza kukuandikia yote. Alisema mjukuu wake wa kwanza kwa Proje alikuja vibaya akaondoka vibaya, madaktari wana jina lao, yeye hana. Alisema ameacha mama yake mgonjwa, na huyo mnayemwona anapigana. Alisema hapakuwa na kaburi wala kilio, na yeye mtu mzima ameona haya, kwa hiyo leo ndiyo siku. Basi.

Mzee Sadoti alikuwa wa kwanza kukaa tena. Halafu wote. Halafu wakaanza kuja mmoja mmoja, wananishika mkono, wanasema pole. Pole ya kwanza tangu Februari. Nililia nikaona kama mbavu zitaachana. Proje alikaa na wanaume kwenye moto, na mzee mmoja alikuwa amemshika goti. Wakapika ndizi na maharage, wakala, mashamba yao yamelala siku nzima kwa ajili ya mtu ambaye hawakumwona.

Wifi Adella alifika mchana. Habari zilimkuta mbali, akaja amebeba kuni kichwani, jasho linamtiririka. Alipoambiwa msiba ni wa nani alibaki amesimama na zile kuni. Nikamtazama. Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kumwambia tangu siku ya kochi, niliyanoa kila siku. Akazishusha kuni. Akaosha sufuria zote. Halafu akaingia ndani, nikasikia mlango wa bafu, nikasikia droo ya chini, sauti yake naijua. Nikanyanyuka nusu. Akatoka na kile kitaulo cha bata, ameshakilowesha maji, akaja akaniwekea kichwani.

"Jua kali," akasema.

Maneno yangu yote yaliishia hapo.

Nilirudi Mwanza kumalizia dawa. Senene walipokuja tena nikaambiwa imetosha, damu safi, sasa nisubiri mwaka mzima napimwa, na nisishike mimba kabisa. Mwaka ule ni mgumu kuliko dawa, nakwambia. Kwenye dawa una kazi ya kufanya. Mwaka ule unasubiri tu, na kila nikienda kupimwa nakaa kwenye benchi lile la wajawazito. Nywele zilirudi na mawimbi ambayo sikuzaliwa nayo. Wateja wakarudi kidogo kidogo, wengine nimewakataa, waende wakasukwe kwingine.

Mwaka umeisha majuzi, wakati wa mvua za senene. Daktari akasema mkitaka sasa mnaweza kujaribu. Anasema watu wengi hupata. Hakuniahidi, na nilimpenda kwa hilo. Tulirudi na Proje. Nikaingia bafuni, droo ya chini imekwama kwa mvua. Sikuivuta. Nilishukuru imekwama. Humo kulikuwa na vitu vyangu vya ugonjwa, nilivijaza mwenyewe, na sikuwa tayari kuamua vya nani vinafuata.

Halafu nikapigiwa simu na dada mmoja wa Nkwenda, kule Kyerwa. Alipewa namba na nesi. Ameambiwa zabibu, namba imepanda, anakwenda Mwanza. Alikuwa anasema huku analia. Nilimwambia nakuja. Na wiki hiyo jua la Januari lilikuwa limewaka, nikaingia bafuni, nikaigusa droo, ikafunguka yenyewe.

Nikamfungashia. Mswaki laini, chupa ya chumvi ya kusukutua, mafuta, sabuni mpya ya mtoto, maana ile yangu iliisha zamani, pedi kubwa, kofia ya sufu maana kichwa kipara kinasikia baridi ya alfajiri hata Mwanza. Nikatia na rangi ya kucha, nyekundu. Dawa zitazifanya kucha nyeusi, apake. Kitaulo nilikishika, nikakirudisha, nikakitoa tena. Kimefuliwa mpaka yule bata hana macho. Nikampa Proje akakianike kwenye kamba. Hicho hakiendi Kyerwa.

Droo ikabaki tupu. Nikaipangusa na maji ya ndimu kama ile mara ya kwanza, na mkono ulikuwa mzito. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, nywele zake nyeupe zimeota fupi kama zangu. Aliitazama droo, akanitazama mimi. Nikangoja anikumbushe ile desturi, au aulize nataka kuweka nini humo. Nilikuwa tayari kugombana, nimechoka lakini tayari. Nikaishika niifunge.

"Iache wazi," akasema. "Ikauke."

Akaenda kwake. Nimeiacha wazi.